Liemba na Malungu ya Ufipa

Mji wa Sumbawanga uko juu ya uwanda wa Ufipa, kwenye kimo cha mita zipatazo 1,800 kutoka usawa wa bahari. Barabara itokayo hapo hupita Matai, kisha huteremka hadi Kasanga, mwambao wa Ziwa Tanganyika, mwendo wa kilomita 112 hivi. Wajerumani walijenga boma mahali hapo wakapaita Bismarckburg. Magofu yake yangalipo. Kwa miaka mingi msafiri wa Ufipa aliyeteremka bandarini Kasanga alikuwa akiingojea meli moja iliyoundwa mwaka 1913, ambayo babu yake pia aliingojea. Meli hiyo ni Liemba.

Watu wa mwambao wa bahari wanazijua habari za kufufua chombo. Jahazi lililochoka hupandishwa ufukoni, likavuliwa mbao zilizooza, likatiwa mataruma mapya na kalafati mpya, likapakwa sifa, kisha likarudishwa majini kwa jina lile lile. Baada ya miaka arubaini huenda ukawa umesalia mkuku tu katika mti wa kwanza. Je, hilo ni jahazi lile au ni jingine? Mwenye falsafa huweza kulijadili swali hili mpaka kukache. Fundi hana nafasi hiyo, kwani kusi inakaribia na nahodha anangoja. Kwa Liemba swali hili limeulizwa kwa chuma. Na huko huko Ufipa, juu ya mwambao ule, kuna chuma cha namna nyingine ambacho kisa chake humsaidia mtu kulijibu.

Meli hii iliundwa katika kiwanda cha Meyer huko Papenburg, Ujerumani. Baada ya kuundwa ilifunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika makasha yapatayo 5,000 na kupakiwa kwenda Dar es Salaam. Kutoka huko ilisafiri kwa reli ya kati iliyokuwa ndiyo kwanza imefika Kigoma. Mafundi watatu wa Kijerumani, Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt, pamoja na vibarua wengi wa Kiafrika ambao majina yao hayakupata bahati ya kuandikwa, waliiunganisha upya msumari kwa msumari. Ikashushwa majini Februari 1915, vita vikiwa vimekwisha kupamba moto. Iliitwa Graf von Götzen, kwa jina la gavana aliyetawala tangu 1901 hadi 1906, yule ambaye katika zamu yake vita vya Maji Maji vilizimwa kwa moto na kwa njaa. Meli ikafungwa mzinga, ikawa inachukua askari baina ya Kigoma na Bismarckburg.

Mwaka 1916 majeshi ya Ubelgiji na Uingereza yalikaribia, na Wajerumani wakaamua kuizamisha meli wasiwaachie adui. Hapa ndipo lilipotokea jambo linalostahili kukumbukwa na kila fundi. Mwenye kuharibu mali ili adui asiitumie kwa kawaida hutia baruti. Mafundi wale hawakutia baruti. Waliipaka mitambo grisi nzito, sehemu kwa sehemu, ndipo tarehe 26 Julai 1916 wakaizamisha taratibu karibu na mlango wa mto Malagarasi. Mtu hapaki mafuta kitu asichotaraji kukiona tena. Kwa hiyo ukarabati wa Liemba ulianza siku ile ile ilipozama, na ulianzwa na mikono ya wale wale walioizamisha.

Wabelgiji waliiinua baada ya vita, lakini dhoruba ikaizamisha tena mwaka 1920. Waingereza, waliokuwa wamekabidhiwa Tanganyika, waliitoa majini Machi 1924, na walipoifungua mitambo waliikuta ingali inafaa kwa kazi. Grisi ilikuwa imetimiza ahadi. Haikurudishwa Ulaya ikatengenezwe huko. Ilitengenezwa papo hapo ziwani, kwa vifaa vilivyoweza kufika. Mwezi Mei 1927 ikarudi kazini, na safari hii haikurudi na jina la gavana. Ilipewa jina la Liemba, ambalo David Livingstone alilisikia kwa wenyeji na kuliandika mwaka 1867, alipofika ncha ya kusini ya ziwa. Kwa hivyo katika ukarabati ule kitu kimoja kilibadilishwa kabisa, nacho ni jina, na mabadiliko hayo hayakuipunguzia meli chochote.

Mabadiliko mengine yalikuwa na gharama. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mitambo ya mvuke, ile iliyolala chini ya maji kwa miaka ikaamka, iling'olewa na kuwekwa injini za dizeli. Mpenda vya kale ana haki ya kusikitika, kwani moyo uliopakwa grisi mwaka 1916 haumo tena kifuani. Lakini na aulizwe: vipuri vya mvuke vingetoka wapi, na nani angefundishwa kuutunza moto wake? Katika mwaka 1993 meli ilikarabatiwa tena kwa msaada wa Denmark. Kila ukarabati ulikula sehemu ya ukale wake, na kila ukarabati ulimwongezea abiria wa Kasanga miaka mingine ya safari. Kilichobaki tangu Papenburg ni bodi la chuma, umbo lake, na kazi yake.

Sasa na tupande tena Ufipa. Kabla ya meli hii kufikiriwa, Wafipa walikuwa mabingwa wa chuma. Walijenga matanuri marefu ya udongo, kila moja likiitwa ilungu, na kwa wingi malungu. Ilungu hufika kimo cha mita tatu hivi, kupita mtu na mkuki wake. Lilijazwa makaa na mawe yenye chuma, na halikuvukutwa: upepo uliingia wenyewe kwa mirija ya udongo iliyopangwa chini kuzunguka tanuri, ukapanda kwa nguvu ya joto. Bonge lililotoka lilikuwa bado na takataka nyingi, hivyo lilichomwa mara ya pili katika tanuri dogo liitwalo kintengwe, na hapo ndipo mivukuto ilipotumika. Baadaye mhunzi alifua jembe, na jembe hilo likainua matuta makubwa ya kilimo ambayo Wafipa wanasifika kwayo. Kazi hii ilikuwa na miiko yake na dawa zake. Waliokuwa kazini walijitenga na wake zao mpaka chuma kizaliwe, kana kwamba tanuri lenyewe ni mke mwenye mimba.

Kisha yakaja majembe ya kiwandani kutoka ng'ambo, ya bei nafuu, na malungu yakazimika katika zama za ukoloni. Hayakubomolewa kwa vita. Mengine yamebaki yamesimama porini hata leo, na mtaalamu wa mambo ya kale Bertram Mapunda aliyachunguza kwa kina katika miaka ya 1990. Udongo wa ilungu ni udongo ule ule wa siku ile. Hakuna mtu aliyeubadilisha. Kwa kipimo cha mpenda vya kale, ilungu limehifadhika kuliko Liemba. Lakini ilungu ni baridi. Waliojua kiasi cha makaa, saa ya kuwasha, rangi ya moto unaotosha na maneno ya kumwambia tanuri walizeeka bila wanafunzi, kwa kuwa hapakuwa na aliyehitaji kujifunza.

Tofauti basi ni hii. Meli ilibadilishwa karibu kila kitu ikaishi, kwa sababu kila siku palikuwa na mtu aliyeihitaji, na kwa hiyo palikuwa na fundi aliyeijua. Ilungu halikubadilishwa kitu likafa, kwa sababu uhitaji ulikatika, na ujuzi ukakatika nyuma yake. Ukale wa kitu haukai katika chuma wala udongo peke yake. Hukaa katika mnyororo wa mikono inayopokezana, na mnyororo huo hukatika mahali ambapo kazi imekatika.

Kazi ya Liemba haikuwa ya maonesho. Vituo vyake vingi havikuwa na gati. Meli ilisimama mbali na ufuko, na mitumbwi ikaiendea na abiria, mahindi, dagaa na kuku. Mwaka 1997 Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi liliitumia, pamoja na Mwongozo, kuwarejesha kwao wakimbizi zaidi ya 75,000 waliotoka Zaire. Mei 2015 iliwachukua Warundi waliokimbilia kijiji cha Kagunga ikawafikisha Kigoma. Kwa watu hao, hoja ya kwamba injini si ile ya kwanza ilikuwa haina maana.

Meli ikaja kusimama, ikafungwa Kigoma, na mwaka 2023 ukatiwa saini mkataba wa ukarabati mwingine mkubwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga, na ukuta wa meli ni ghali. Hata hivyo hatari iliyo kubwa zaidi katika miaka ya kusimama si kutu. Kutu hukwanguliwa, na bamba jipya huchomelewa. Hatari ni kwamba fundi aliyejua mlio wa meli yake atastaafu, kijana aliyekuwa ajifunze kwake ataondoka kutafuta riziki kwingine, na abiria wa Kasanga atazoea njia nyingine. Ufipa imekwisha kuona jambo hilo mara moja. Anayetaka kujua mwisho wake na apande uwandani, akaweke kiganja juu ya ukuta wa ilungu.