Jina Pekee Halitoshi: Kumtafuta Babu Aliyetoka Wales

Tuseme ukweli, ile sura ya kwanza ya Mathayo wengi tunairuka. Fulani akamzaa fulani, mpaka usingizi. Lakini wapo watu Marekani wanaovuka bahari nzima kutafuta mstari mmoja tu wa namna hiyo. Babu zao walitoka Wales, nchi ndogo iliyo ubavuni mwa Uingereza. Katika karne ya 19 wachimba makaa ya mawe na wakulima wa huko walihamia Pennsylvania na Ohio, na mwaka 1865 wengine walipanda meli iitwayo Mimosa wakaenda kuanza maisha Patagonia, kule Argentina.

Shida ya kwanza ni jina. Zamani watu wa Wales walikuwa kama wazee wetu wa pwani, mtu alijulikana kwa baba yake. Sisi tunasema "bin", wao walisema "ap". Utaratibu wa Kiingereza ulipotaka majina ya ukoo yasiyobadilika, ap Rhys akawa Price, ap Hywel akawa Powell. Wengi zaidi waligeuza jina la baba tu: mwana wa John akawa Jones, mwana wa David akawa Davies. Na sehemu nyingine ile desturi ya zamani iliendelea hadi karne ya 19, yaani William Jones anaweza kabisa kuwa mtoto wa John Williams! Sasa wewe umeshika karatasi imeandikwa "John Jones, Wales". Ni kama kushuka stendi ya Mwanza ukauliza, "Jamani, Juma yuko wapi?"

Serikali ilianza kuandikisha vizazi na vifo vya England na Wales mwaka 1837, lakini hilo linakusaidia kama unajua wilaya yake. Orodha nyingi za meli za zamani zinataja nchi tu, basi.

Hapo ndipo kanisa linapoingia. Mshirika wa kanisa la Wales akihama alipewa barua ya uhamisho. Barua hiyo sisi tunaijua vizuri. Alipofika Pennsylvania aliikabidhi kwa kanisa la watu wa kwao, na katibu akaandika kwenye rejista ametoka kanisa gani. Ukilijua kanisa umekijua kijiji, na ukikijua kijiji John Jones wamebaki wachache wa kuhesabika. Wengine walibeba Biblia ya familia, kwa lugha yao waliyokuwa na Biblia nzima tangu 1588, na ndani yake wameandika nani kazaliwa lini.

Makatibu wa makanisa yetu, hebu fungueni rejista zenu. Mama aliyevuka mpaka na watoto wakati wa vita ameandikwaje? Kama ni "Mrundi" au "Mkongo" tu, mjukuu wake atafika pale pale alipokwama yule wa John Jones. Muulizeni kilima, kijiji, kanisa alilobatizwa na nani alimbatiza, maadamu bado anakaa benchi la mbele.

Kuna mmoja anatuhusu sisi wa ukanda wa ziwa. Stanley, yule aliyemkuta Livingstone pale Ujiji mwaka 1871, alijitangaza kuwa Mmarekani. (Aliyoyafanya baadaye Kongo kwa ajili ya Mfalme Leopold ni habari nyingine, tena chungu.) Ukweli ni kwamba alizaliwa Denbigh, Wales, mwaka 1841, mama yake hajaolewa. Utoto wake mwingi aliumaliza katika nyumba ya maskini ya St Asaph. Mwaka 1859 alifika New Orleans, na huko akachukua jina jipya. Ungemtafuta baba yake kwa jina la Stanley usingempata milele. Yeye mwenyewe aliificha asili yake kwa miaka mingi, kwa aibu. Kitabu cha ubatizo cha Denbigh hakikuficha: kinamwita John Rowlands, mtoto wa nje ya ndoa.