Gitaa Kavu Lenye Tundu la Waya

Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alifika Jadotville, mji wa migodi huko Katanga ambao leo unaitwa Likasi, akiwa na mashine ya kurekodia sauti. Huko alimrekodi kijana aitwaye Mwenda Jean Bosco, aliyepiga gitaa peke yake na kuimba kwa Kiswahili cha kwao. Bosco alichezesha nyuzi kwa vidole viwili tu vya mkono wa kulia, dole gumba na kidole cha shahada, lakini asiyemwona angeapa kwamba wapigaji ni wawili: mmoja anatembeza besi, mwingine anapamba kwa juu. Wimbo wake "Masanga" ulivuka mipaka ya Kongo, na mwaka 1969 yeye mwenyewe alipanda jukwaani kwenye tamasha la Newport, Marekani.

Kila ninapoisikiliza rekodi ile najiuliza swali ambalo halihusu noti wala mizani: gitaa la namna ile liliweza kuwa mali ya nani? Nasoma shahada ya uzamili ya historia, na darasani tumezoeshwa kuuliza, kabla ya kuisifu kazi ya mtu, zana zake ni za nani. Jahazi ni la nani, cherehani ni ya nani. Mwaka huu swali lilinigeukia. Nilikuwa nikidunduliza pesa za tuisheni ili ninunue gitaa ambalo wauzaji wa Kariakoo huliita "semi", yaani gitaa kavu lenye tundu la kuchomeka waya. Sikutaka la bei ya chini, na la bei ya juu sikuliweza. Nilitaka la katikati, na nilitaka kujua hiyo katikati imetoka wapi.

Tuanze na gitaa kavu lenyewe. Wapigaji wa zamani hapa Tanzania waliliita "galatoni". Jina hilo lina asili ya kibiashara: kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini, maarufu kwa sahani za santuri, iliuza pia magitaa ya bei nafuu yenye chapa ya Gallotone, na magitaa hayo yakasambaa kusini na kati ya Afrika. Chapa ikageuka kuwa jina la kitu. Magitaa hayohayo yalivuka bahari. Mwaka 1957, kule Liverpool, kijana John Lennon alikuwa na Gallotone Champion, lenye karatasi iliyobandikwa ndani ya tundu la sauti ikimhakikishia mnunuzi kwamba mbao zake hazitapasuka.

Halikuwa gitaa zuri. Lakini mtu mmoja mwenye kipato kidogo aliweza kulinunua, kulibeba begani na kuondoka nalo. Magharibi mwa Kenya, George Mukabi na wenzake walijenga mtindo mzima juu ya gitaa kavu na chupa ya soda iliyokwaruzwa na kugongwa kwa mapigo. Bendi kamili iliweza kusafiri kwa baiskeli mbili, na wanamuziki wakigombana, kila mmoja alirudi kwao na chombo chake.

Tatizo la gitaa kavu ni sauti. Nje, kwenye baraza, linatosha. Ndani ya ukumbi wenye watu mia mbili, glasi na maongezi, linamezwa. Wamarekani walikutana na tatizo hilo mapema, kwa sababu bendi zao za jazi zilijaa tarumbeta. Mwaka 1932 likaingia sokoni gitaa la umeme la alumini, la kupigwa likiwa limelazwa mapajani, lenye umbo lililofanya liitwe kikaango. Mwaka 1936 kampuni ya Gibson ikatoa ES-150, ambalo namba yake ilitokana na bei: dola 150 kwa gitaa, amplifaya na waya wake. Siri ya magitaa hayo ni pikapu. Msomaji asifikirie gari. Hii ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba mara nyingi sana, ikawekwa chini ya nyuzi za chuma. Uzi ukitetema, sumaku inahisi, umeme mdogo unazalishwa, na amplifaya inaukuza.

Angalia lakini kilichotokea kwenye ile bei. Mpigaji hanunui tena gitaa tu. Ananunua gitaa, amplifaya na waya, kisha anahitaji mahali penye umeme, au jenereta, na gari la kubebea vyote hivyo. Chombo cha mtu mmoja kimegeuka kuwa mtambo.

Hapa kwetu mtambo ulihitaji mwenye nao. Katikati ya miaka ya 1960 chama cha wafanyakazi, NUTA, kilianzisha NUTA Jazz. Jeshi, polisi, magereza, jumuiya ya vijana na shirika la bima navyo vilikuwa na bendi. Muziki wa dansi tunaoutamani leo, ule wa gitaa la solo, la ridhim na la besi yakijibizana kama watu barazani, ulikua ndani ya mfumo huo. Si haki kuubeza. Mpiga gitaa alikuwa mwajiriwa, alilipwa mwisho wa mwezi, na kwa mara ya kwanza muziki ulikuwa kazi inayotajika mbele ya wakwe. Lakini vyombo vilikuwa vya mwajiri. Ushahidi uko hata kwenye majina: NUTA Jazz ikawa JUWATA Jazz, baadaye OTTU Jazz, kadiri chama mwenye mali alivyobadilika, wakati mashabiki walikuwa wakiufuata msondo uleule.

Nililielewa jambo hili vizuri zaidi kwa fundi wa magitaa mmoja wa Magomeni, mzee aliyewahi kupiga ridhim kwenye bendi ya taasisi ya umma. Nilikwenda kumwomba ushauri kabla ya kununua.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Unataka la kupigia wapi?"

Nikamweleza kwamba kwa mwaka na nusu nilikuwa nikipiga kila Ijumaa kwenye mgahawa mmoja, kwa gitaa la mwenye mgahawa. Siku moja alileta spika za diski na gitaa akampa mpwa wake. Hakunidhulumu, mali ilikuwa yake. Ila kuanzia Ijumaa ile sikuwa mpiga gitaa tena. Nilikuwa mtu anayejua kupiga gitaa, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Mzee alicheka bila kufurahi. "Sisi magitaa yalikuwa na namba ya ofisi kwa rangi nyeupe, kama meza na viti. Onyesho likiisha yanafungiwa stoo. Nimepiga miaka kumi na minane. Nilipoacha kazi nilitoka na mkanda wa begani tu, maana mkanda nilinunua mwenyewe."

Nilirudi kwenye vitabu nikiwa na ule mkanda kichwani. Je, kuna aliyewahi kujaribu kulipa gitaa kavu sauti ya ukumbini bila kuligeuza mtambo?

Wapo waliojaribu. Mwaka 1954 Gibson ilitoa J-160E, gitaa kavu lililofichwa pikapu ya sumaku mwishoni mwa shingo. Mwaka 1962 Lennon, aliyekwisha kuachana na galatoni yake, alinunua moja kule Liverpool, na George Harrison akanunua jingine. Lilikuwa na kasoro mbili. Sumaku inahisi chuma cha nyuzi, haiusikii vizuri mti, kwa hiyo sauti inayotoka kwenye spika hailingani na ile inayotoka kwenye sanduku. Tena sanduku lenye uwazi likikaa karibu na spika linatetemeshwa na sauti yake lenyewe, sauti inarudi kwenye pikapu, inakuzwa tena, mpaka ukumbi mzima unasikia mluzi. The Beatles waliufanya mluzi huo pambo mwanzoni mwa "I Feel Fine" mwaka 1964. Wengine wote waliuona kero.

Jibu lilitoka mbali na muziki. Mwaka 1880, huko Paris, ndugu wawili, Jacques na Pierre Curie, walionyesha kwamba baadhi ya fuwele, kama kwatsi, zikikandamizwa huzalisha umeme. Katikati ya miaka ya 1960, Mmarekani Charles Kaman, mtengenezaji wa helikopta aliyependa kupiga gitaa, alianzisha kampuni ya Ovation. Mtu wa helikopta anaijua mitetemo, kwa sababu ndiyo inayoweza kumwangusha. Kabla muongo ule haujaisha, kampuni yake ilikuwa imeweka vihisio vya aina ile ya akina Curie darajani, chini ya kile kipande chembamba ambacho nyuzi hukilalia. Hapo ndipo uzi unapousukuma mti. Kihisio kinasikia msukumo wenyewe, hakijali kama uzi ni wa chuma au wa nailoni, na mluzi unapungua sana. Kinachobaki ni kisanduku kidogo ubavuni mwa gitaa, betri ya volti 9, na tundu la waya.

Teknolojia peke yake isingenifikia Kariakoo. Ilihitaji bei kushuka. Mwaka 1966 Yamaha ya Japani ilianza kutoa magitaa yake ya FG, ya nyuzi za chuma, yaliyolenga watu wa kawaida. Baadaye viwanda vya magitaa vikaenea Taiwan, Korea, Indonesia na China, na mashine zinazoongozwa na kompyuta zikaanza kukata shingo na mbao kwa usawa ambao zamani ulimdai fundi siku nzima. Ndivyo gitaa la kati lilivyozaliwa. Si la kubahatisha, wala si la kurithisha wajukuu. Ni la kufanyia kazi.

Dukani nilionyeshwa matatu. La shilingi 250,000 uso wake ulikuwa wa mbao za kubandikana, na nyuzi zilikaa juu mno, vidole vinaumia kabla ya wimbo kuisha. La shilingi 3,200,000 sikuligusa, nisije nikalipenda. La shilingi 850,000 nilichungulia ukingo wa tundu la sauti: mistari ya mti iliyo juu ya uso ilishuka moja kwa moja hadi ndani, dalili kwamba ule ni ubao mmoja. Muuzaji akasema, "Dada, hii semi ni mzigo wa uhakika." Nikamwomba waya na spika. Nilipiga uzi mmoja mmoja, nikisikiliza kama wote sita wanatoka kwa nguvu sawa, kwa sababu kihisio kisipokandamizwa sawasawa uzi mmoja husinyaa. Kisha nikafungua kisanduku kuona kama betri imevujisha maji yake ndani. Kisha nikachomoa waya na kupiga tena kikavu, kwa muda mrefu kuliko muuzaji alivyopenda.

Jaribio hilo la mwisho ndilo lililoniamulia. Sijidanganyi kwamba tundu la waya linamfanya mtu awe huru. Upande wa pili wa waya kuna spika, na spika bado ni ya mtu: ya mgahawa, ya kanisa, ya mwenye ukumbi. Tofauti ni kwamba mwenye spika sasa ananikodishia sauti, si kazi yangu yote. Akiichomoa, au umeme ukikatika kama tulivyozoea, gitaa la umeme linakuwa ubao wenye nyuzi. Hili linarudi kuwa galatoni, na wimbo unaendelea kwa walio karibu.

Nililipa 820,000 baada ya kubishana, nikalipeleka Magomeni likashushwe nyuzi kidogo. Mzee alilipiga muda mfupi, ridhim tupu, akalitazama ubavuni kana kwamba anatafuta ile namba nyeupe. Alipomaliza kazi yake alichukua penseli, akaingiza mkono ndani ya tundu la sauti, akaandika tarehe kwenye mti.

"Na jina, mwanangu," akauliza, "niandike lipi?"

Nikamtajia jina langu lote, matatu.