Kilemba cha Susi

Mgeni afikaye Ujiji, mwendo mfupi kusini ya mji wa Kigoma, akaingia katika makumbusho ya Livingstone, huonyeshwa sanamu mbili kubwa kuliko kimo cha binadamu, zilizofinyangwa kwa karatasi zilizolowekwa na kugandishwa kwa gundi, kisha zikatiwa rangi: moja ya Daktari David Livingstone, na ya pili ya Henry Morton Stanley, wakisalimiana kama walivyosalimiana mwaka 1871. Baadhi ya watu hudhani kwamba kumvika mwanasesere nguo za zama zilizopita ni mchezo wa watoto. Mimi naiona kazi hii kuwa tawi la elimu ya tarikhi, kwa kuwa fundi wake hana budi kujua mtu yule alivaa nini, nguo ile ilifumwa wapi, na ilifikaje mwilini mwake.

Mintarafu ya hao wawili, Stanley mwenyewe ametuachia maelezo. Siku ya kuingia Ujiji alivaa suti mpya ya flaneli iliyonyoshwa vizuri, viatu vyake vikapakwa mafuta, na kofia yake ya jua ikasuguliwa chaki na kuzungushiwa kitambaa kipya. Ilhali Livingstone alisimama na kofia ya kibuluu yenye utepe wa dhahabu uliofifia, kizibao cha mikono myekundu, na suruali ya kijivu. Fundi atakayepewa sanamu hizi azipake upya, madhali karatasi hunywa unyevu na rangi hupauka, asighurike akaung'arisha utepe ule, kwani kufifia kwake ndiyo habari yenyewe. Daktari alikuwa amerejea kutoka Manyema siku chache tu kabla, akakuta Sharifu aliyekabidhiwa mali yake ameiuza yote. Kwa hisabu aliyoiandika, katika yadi 3,000 za nguo na ratili 700 za ushanga hakusaziwa hata yadi moja wala uzi mmoja.

Na katika Ujiji ya siku hizo, aliyekosa nguo alikuwa amekosa fedha. Posho na ujira wa wapagazi, hongo za njiani, na bei ya pembe, vyote vilipimwa kwa shuka na doti, nayo doti ni mikono minane. Sokoni ulipita ushanga uitwao sofi, mfano wa vipande vya shina la kiko lililovunjika. Nguo iliyotangulia zote kwa heshima ilikuwa merikani, iliyofumwa katika viwanda vya Massachusetts, ikaletwa Unguja na wafanyabiashara wa Salem, ambao biashara yao ilipata nguvu kwa mkataba wa mwaka 1833 baina ya Marekani na Seyyid Said, kisha ikachukuliwa vichwani na mabegani kutoka Bagamoyo, kupitia Unyanyembe, hata ukingoni mwa ziwa Tanganyika.

Hapo ndipo ninapomkumbuka mtu ambaye sanamu zile mbili hazimtaji. Aliyetangulia kumwamkia Stanley, tena kwa Kiingereza, hakuwa Livingstone, bali Abdullah Susi, mtumishi wake, mzaliwa wa Shupanga katika bonde la Zambezi. Naye Stanley, aliyekuwa na jicho kali la mavazi, aliandika kwamba mtu huyu alivaa kanzu ndefu nyeupe na kilemba cha merikani. Basi Susi alikuwa amejifunga kichwani nguo ileile iliyokuwa sarafu ya nchi nzima.

Fauka ya hayo, kazi ya kuunda mfano wa Livingstone haikuanzia makumbusho. Alipofariki kijijini kwa Chitambo mwaka 1873, Susi na mtumishi mwenzake Chuma, pamoja na wenzao, waliukausha mwili wake, wakaufunga kwa nguo na gome la mti, wakaanza safari ndefu ya kuurudisha pwani. Walipokwisha kupita Unyanyembe, wakafika Kasekera, wenyeji walikataa maiti isipite katika nchi yao. Susi na wenzake wakatoa tangazo kwamba wanairudisha ikazikwe nyuma. Usiku wakachukua mabua ya mtama, wakayakata kwa urefu wa mtu, wakayazungushia nguo hata yakawa kama maiti iliyovishwa sanda, wakatia na karatasi iliyokunjwa kama barua, imebanwa katika ufa wa fimbo, ili msafara uonekane una ujumbe wa kweli. Watu sita waaminifu wakauchukua mzigo ule. Walipofika mbali wakayatupa mabua msituni, bua baada ya bua, wakarejea kila mmoja kwa njia yake. Mwili wenyewe ulikwisha kufungwa upya kwa umbo la mtumba wa nguo, ukapita pasipo kuulizwa, ukafika Bagamoyo mwezi wa Februari 1874, na tarehe 18 Aprili ukazikwa Westminster.

Sijui mwanasesere wa kale katika nchi hizi aliyeundwa kwa akili na uaminifu kupita yule wa mabua. Kwa hiyo nawasihi mafundi wa Kigoma na Ujiji, wenye mikono ya kuyaweza haya, wamfinyange Susi kwa karatasi na gundi zilezile, wamsimamishe mbele ya hao wawili, kwa kuwa ndiye aliyetangulia kusema. Na kilemba chake wasikitie weupe wa theluji, bali weupe wa merikani isiyochujwa rangi, wenye umanjano kidogo, na kama itapatikana nguo yenyewe, wamfunge hiyo badala ya rangi.