Betri ya kukhu haikuwa feki

Kukhu wangu wa Kachibora alikuwa anabandua stika za betri zote sita za kifaa chake cha kusikia siku moja, eti ziwe tayari. Kabla mwezi uishe, zote zimekufa. Nikaenda Kitale kugombana na muuzaji. Wasee, nilijiaibisha.

Zamani betri hizi zilikuwa za zebaki, ile ya kipimajoto, kazi ya Samuel Ruben wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Hazikujali hewa. Lakini zebaki ni sumu, na Marekani ikapiga marufuku vibetri hivyo 1996. Tayari miaka ya 70 zilikuwa zimeingia za zinki, ambazo hupumua: oksijeni hupitia vitundu vidogo, na stika ndiyo kizibo. Ukiibandua, saa imeanza kuhesabu. Kuirudisha hakusaidii sana.

Hewa kavu ya Januari inanyonya maji ya ndani ya betri. Mvua ikianza Aprili, unyevu nao unaingia. Friji? Wacha kabisa, zinatoka na umande. Karibu na jiko pia zinaisha haraka.

Siku hizi kukhu anabandua moja, anaiacha dakika tano ivute hewa, ndipo anaivalisha. Zingine ziko kabatini. Yule muuzaji bado nampita kwa mbali.