Retina ikibanduka: upasuaji na safari ya kurudi nyumbani

Mama, mtoto akipigwa jiwe jichoni, au baba akirukiwa na kipande cha mwamba machimboni Makongolosi, retina inaweza kubanduka. Retina ni utando mwembamba ulio nyuma ya jicho, unaopokea mwanga. Ukibanduka hauumi. Dalili ni vimulimuli, vidoadoa vyeusi vinavyoelea na kivuli kama pazia. Mtoto mdogo huenda asiseme; mzibe jicho moja moja uone kama anaona.

Usisubiri. Nenda hospitali siku hiyohiyo, uombe rufaa ya macho. Mbeya ipo Hospitali ya Rufaa ya Kanda. Upasuaji wa retina hufanyika Muhimbili, Dar es Salaam.

Daktari hutoboa vitundu vitatu, kila kimoja chini ya milimita 1. Kwa vifaa vyembamba huondoa ute wa ndani, huirudisha retina mahali pake na kuizuia kwa leza isibanduke tena. Kisha hujaza gesi au mafuta maalumu ya kuishikilia.

Kuwa makini hapa: gesi hupanuka mgonjwa anapopanda mahali pa juu, na inaweza kupofusha jicho. Dar es Salaam iko pwani. Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Msipande basi wala ndege hadi daktari aseme gesi imeisha. Huchukua wiki 2 hadi 8 kutegemea aina yake, hivyo tafuteni mapema mahali pa kukaa. Mafuta hayapanuki hivyo, ila kwa kawaida hutolewa baadaye kwa upasuaji mwingine.