Saa za Makaa: Ziara ya Abiria wa Meli na Historia ya Mji wa Aden, 1839–1967

Wanahistoria wa bandari wamezoea kuutafuta mji katika nyaraka za forodha, mikataba ya kikoloni na daftari za meli. Makala haya yanautafuta mji wa Aden mahali pengine: katika ziara fupi ambayo abiria, watatu au wanne ndani ya gari moja na mwenyeji wa kuwaongoza, waliifanya wakati meli yao ikipakia makaa ya mawe. Ziara hiyo ilichukua saa chache, njia yake haikubadilika sana kwa muda wa karibu karne moja, nayo ndiyo iliyowapa wageni wengi yote waliyoyajua kuhusu Aden. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba muda wa kupakia makaa ndio ulioamua ni historia ipi ya mji huo isimuliwe, na ipi iachwe upande wa pili wa mlima.

Jambo hili linatuhusu kwa karibu. Baada ya Mfereji wa Suez kufunguliwa mwaka 1869, meli nyingi zilizotoka Ulaya kuja Zanzibar, Mombasa na baadaye Dar es Salaam zilitia nanga Aden. Waya wa telegrafu wa chini ya bahari uliofika Zanzibar mwaka 1879 ulitokea huko huko. Maofisa, wamisionari, walowezi na wafanyabiashara waliokuja kwetu kwa njia hiyo waliiona Aden kabla ya kuuona mwambao wa Afrika Mashariki. Ni haki kudhani kwamba baadhi yao walishuka Mombasa wakiwa wamekwisha kuzoea namna fulani ya kuutazama mji wa bandari wa Bahari ya Hindi: kwa haraka, wakiwa juu ya kiti cha gari, macho yakitafuta magofu.

Mji ndani ya kinywa cha volkano

Umbo la Aden lilitangulia siasa zake. Rasi yake ni mabaki ya volkano iliyozimika zamani, na kilele chake, Shamsan, kina urefu wa mita 550 hivi. Mji wa kale umekaa ndani ya kreta yenyewe, umezungukwa na kuta za mawe meusi, huku upande wa mashariki ukiikabili bahari na kisiwa kidogo cha Sira chenye ngome juu yake. Waingereza waliuita Crater, na jina hilo lingali midomoni mwa wenyeji kwa matamshi ya Kiarabu. Magharibi ya mlima ipo ghuba pana yenye kina cha kutosha meli kubwa, na ng'ambo yake imekingwa na volkano nyingine iliyozimika, iitwayo Aden Ndogo.

Enzi za majahazi, bandari ilikuwa mashariki, mbele ya Sira. Ibn Battuta, aliyepita Aden yapata mwaka 1331 kabla ya kuvuka kwenda Zeila, Mogadishu, Mombasa na Kilwa, aliukuta mji uliozingirwa na milima, usio na mimea wala maji ya kutosha, ukitegemea mabirika ya kukusanyia mvua. Lakini pia aliukuta mji wa matajiri, bandari ya wafanyabiashara wa Bara Hindi. Kwake yeye, maji ya mabirika na biashara ya bandari vilikuwa habari moja. Inafaa kulikumbuka hilo, kwa sababu abiria wa karne ya 19 alivipata vitu hivi viwili vikiwa vimetenganishwa.

Kapteni Stafford Haines alipouteka mji kwa niaba ya Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki tarehe 19 Januari 1839, wakazi wake walikadiriwa kuwa 600 hivi tu. Kilichotakiwa kilikuwa kituo cha makaa kati ya Suez na Bombay. Mwaka 1850 Aden ikatangazwa kuwa bandari huru isiyotoza ushuru, na shughuli za meli za moshi zikajengwa magharibi, pale Tawahi, ambapo Waingereza walipaita Steamer Point. Kutoka hapo hadi Crater ni mwendo wa kilomita 8 hivi. Umbali huo ndio ulioizaa ziara.

Njia ya gari

Kupakia makaa kulikuwa kazi chafu. Makaa yaliletwa kwa mashua hadi ubavuni mwa meli, yakapandishwa migongoni mwa vibarua kutoka nyanda za juu za Yemen na pwani ya Somalia, na vumbi likafunika sitaha, viti na nguo. Aliyeweza alishuka. Kwanza aliwaona vijana wa Kisomali wakipiga mbizi kuokota sarafu zilizotupwa baharini. Kisha, gatini, wachuuzi wa manyoya ya mbuni, wengi wao Wayahudi wa Aden. Kisha magari ya farasi. Magari hayo yaliitwa kwa neno lile lile la Kihindi lililotupa Kiswahili chetu neno *gari*. Baadaye yalifuatwa na teksi, lakini idadi ya abiria kwa kila chombo haikubadilika sana, wala mwongozo wenyewe: dereva alikuwa msimulizi, na alisimulia kwa maneno machache ya Kiingereza aliyokuwa nayo.

Njia ilipita Ma'alla, penye maboma ya majahazi na maghala, ikapanda hadi lango lililochongwa katika ukuta wa volkano, ikashuka ndani ya kreta, ikapita sokoni na kuishia Tawila, chini ya genge, kwenye mabirika makubwa ya maji. Hapo abiria walitembea kidogo, wakatazama chini kwenye mashimo makavu, wakarudi. Aliyekuwa na saa moja ya ziada aliweza kuonyeshwa "nguva" wa Aden, mnyama wa baharini aliyekaushwa na kutangazwa kama binti wa nusu samaki. Kiswahili, kwa kutumia neno moja kwa mnyama na kwa kiumbe wa ngano, kingewapa wenye maonyesho hayo udhuru ambao Kiingereza kiliwanyima.

Ukiutazama mpangilio huu kwa makini, utaona kwamba kila kituo kilichaguliwa na saa ya meli. Lango lilikuwa njiani. Soko lilikuwa njiani. Mabirika yalikuwa mwisho wa barabara, mahali ambapo gari lilipaswa kugeuka. Msikiti wa Abu Bakr al-Aidarus, walii aliyefariki Aden mwaka 1508 na ambaye ukoo wake una matawi hadi Lamu na visiwa vyetu, umo ndani ya Crater hiyo hiyo. Lakini kaburi la walii lina adabu zake, nazo haziendi sambamba na king'ora cha meli.

Mabirika na bamba lake

Mabirika ya Tawila yanastahili sifa yaliyopewa. Yamechongwa na kujengwa katika bonde jembamba, moja chini ya jingine, ili maji ya mvua chache lakini kali zinazoporomoka kutoka Shamsan yajaze la juu, yafurike katika linalofuata, na mji usombwe na mafuriko kwa nadra zaidi. Kuta zake zimepakwa lipu ngumu isiyopitisha maji. Inasemekana kwamba zamani yalikuwa zaidi ya 50 katika eneo zima la Aden. Yaliyobaki ni machache. Ni nani aliyeyajenga? Wapo walioyanasibisha na Himyar, wapo walioyanasibisha na Waajemi, na ni wazi kwamba watawala mbalimbali wa Kiislamu waliyatengeneza upya. Kazi ya namna hii haina mwanzilishi mmoja. Kila kizazi huzibua matope na kupaka lipu.

Katika miaka ya 1850 aliyesimamia kuzibuliwa kwake alikuwa Robert Lambert Playfair, naibu wa mwakilishi wa Uingereza mjini Aden. Huyu ndiye aliyechapisha mwaka 1859 kitabu cha historia ya Yemen, na baadaye akahamishiwa Zanzibar kuwa balozi mdogo. Msomaji wa historia ya Zanzibar anamfahamu kwa barua zake za kisiasa. Ni nadra kukumbushwa kwamba kabla ya kuandika kuhusu masultani wetu alikuwa amefukua mabirika. Kisha likawekwa bamba, linalowaambia wageni kwa Kiingereza kwamba hakuna kinachojulikana kwa uhakika kuhusu ujenzi wa asili wa mabirika hayo, na kwamba yalifunuliwa na kukarabatiwa na Serikali ya Uingereza mwaka 1899.

Bamba hilo lilifanya kazi kubwa. Kwa sentensi moja liliwaondoa wajenzi na kumwingiza mkarabati. Abiria aliyesimama mbele yake kwa robo saa alipata historia iliyokamilika: hapo kale palikuwa na ustadi usio na mwenyewe, kisha pakawa na usahaulifu, kisha serikali ikaja. Ibn Battuta angeweza kumjibu, kwa kuwa aliyaona mabirika yakitumika karne tano kabla ya Haines. Dereva pia angeweza kumjibu, ila hakuwa na bamba. Na ipo kejeli hapa ambayo ziara haikuitaja: maji ambayo Waingereza wenyewe waliyategemea yalitoka zaidi kwenye mitambo ya kugeuza maji ya bahari kuwa matamu, na kwenye mfereji uliotoka Sheikh Othman, bara. Mabirika yaliyokarabatiwa kwa sifa kubwa yalikaa makavu sehemu kubwa ya mwaka. Yalifaa zaidi kutazamwa.

Yaliyobaki nje ya njia

Mwenye kuutafuta uhusiano wa Aden na mwambao wetu alikuwa anaupita bila kuuona. Kampuni ya Cowasjee Dinshaw, ya Waparsi, iliendesha meli kutoka Aden hadi bandari za Somalia na ilikuwa na tawi Zanzibar. Mnara wa maziko wa Waparsi ulikuwa juu ya kilima, karibu na Tawila yenyewe. Bibi Salme binti Said, aliyetoroka Zanzibar mwaka 1866 kwa manowari ya Kiingereza, aliishi Aden kwa miezi kadhaa, akajifungua mtoto wake wa kwanza huko, na tarehe 30 Mei 1867 akabatizwa na kufunga ndoa na Rudolph Heinrich Ruete kabla ya kusafiri kwenda Hamburg. Huenda hakuna mji mwingine ambamo historia ya Zanzibar na ya Ulaya zilikutana kwa namna ya ndani kiasi hicho, ndani ya maisha ya mtu mmoja. Gari halikusimama hapo.

Halikusimama pia kwenye malundo ya makaa, wala kwenye makazi ya vibarua. Kadiri karne ya 20 ilivyosonga, pengo hili lilizidi kuwa la hatari. Desemba 1947 ghasia zilizuka dhidi ya Wayahudi na makumi ya watu wakauawa. Katika miaka michache iliyofuata jamii iliyowauzia abiria manyoya ya mbuni ilikuwa imehama karibu yote. Mwaka 1954 kiwanda cha kusafisha mafuta kilifunguliwa Aden Ndogo, mwaka ule ule Malkia Elizabeth II alipouzuru mji. Mwaka 1956 vyama vya wafanyakazi vikaunda shirikisho lao, na migomo ikatikisa bandari. Abiria wa miaka hiyo, meli yake sasa ikitumia mafuta na kukaa bandarini saa chache zaidi ya zile za makaa kupunguzwa, alipata muda wa kununua kamera na saa katika maduka yasiyo na ushuru ya Tawahi, na kama alibahatika, wa kuyaona mabirika. Aliondoka akiwa na picha ya mji tulivu wa kale.

Juni 1967 njia zote mbili zilifungika mwezi mmoja. Mapema mwezi huo vita kati ya Israeli na nchi za Kiarabu viliufunga Mfereji wa Suez, usifunguliwe hadi mwaka 1975. Tarehe 20 askari wa Kiarabu waliasi, na Crater ikawa nje ya mamlaka ya Waingereza kwa takribani wiki mbili. Gari lililokuwa likipita langoni kila siku halikuweza tena kupita. Mwishoni mwa Novemba Waingereza waliondoka. Bandari iliyokuwa miongoni mwa zilizoshughulika zaidi duniani ikakosa meli, na ziara ya saa chache ikakosa abiria. Vita vilivyofika Aden mwaka 2015 viliongeza magofu ambayo hakuna dereva aliyetamani kuyaonyesha.

Nyongeza kwa washauri wa sera

Bandari zetu hupokea meli za utalii ambazo abiria wake hushuka asubuhi na kurudi jioni. Ngome ya Yesu Mombasa na Mji Mkongwe Zanzibar huonyeshwa kwa makundi madogo yenye kiongozi mmoja na saa za kuhesabu. Mafunzo ya viongozi wa watalii hushughulikia zaidi lugha na ukarimu. Ratiba huachiwa mawakala. Kisa cha Aden kinaonyesha kwamba ratiba ndiyo sehemu nzito zaidi, na kwamba maandishi yaliyoganda ukutani hudumu kuliko maneno ya kiongozi. Kwa hiyo mapendekezo mawili yanatosha. Idara za mambo ya kale zishirikishwe wakati njia na saa za ziara zinapopangwa, kabla mkataba na kampuni ya meli haujatiwa saini. Na mabamba yaliyopo yakaguliwe, kila moja likiulizwa linamtaja nani na linamwacha nani, kuanzia yale yanayosema kwamba hakuna kinachojulikana.

Katika Jumba la Makumbusho la Kasri, Zanzibar, kilitengwa chumba kwa ajili ya Bibi Salme. Kiongozi aliyewaingiza wageni humo alikuwa na dakika chache. Miezi ile ya Aden, kati ya bahari aliyoiacha na ile aliyoielekea, inaweza kusimuliwa katika dakika mbili, kwa ramani ndogo ya kreta na ghuba yake.