Wasia wa Aliye Hai: Historia ya Neno Moja



Neno wasia, ambalo asili yake ni Kiarabu, limebeba katika Kiswahili maana mbili: mawaidha ya mtu kwa wale atakaowaacha, na maagizo ya kugawa mali yake akishakufa. Hoja yangu ni kwamba maana ya pili imeifunika ya kwanza, na hasara yake huonekana wodini.

Mnamo 1858, Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka wa Siu, alimtungia binti yake utendi mashuhuri. Anaeleza kuwa maradhi yamemkalia mwaka mzima, wala hajapata kumwambia mwanawe neno la maana. Ndipo anapomwita aje na wino na karatasi. Maneno yake anayaita wasia. Alifariki yapata 1860. Tumezoea kuusoma utendi huo kama mafunzo ya ndoa. Ila ni tendo pia: mgonjwa aliyeonja kukosa kauli anawahi kusema.

Mwaka 1963 Tanganyika ilitangaza kanuni za wosia za sheria ya mila. Wosia wa mdomo ulitakiwa kushuhudiwa na watu wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki. Ni kanuni yenye hekima, lakini shabaha yake ni mali ya marehemu.

Sasa tumfikirie mama wa Mbagala aliyelazwa Temeke kwa kiharusi, asiyeweza kutamka. Mwana mmoja anataka mama arudishwe nyumbani. Wa pili anataka apewe kila tiba, hata kiwanja kiuzwe. Wa tatu anamsubiri mjomba. Kila mmoja anampenda, na hakuna aliyeambiwa. Kiwanja kina mashahidi wanne. Mwenye kiwanja hana hata mmoja wa kumsemea.

Tunanyamaza kwa kuogopa uchuro. Hata hivyo, Mwana Kupona hakujichuria kwa kusema. Alimwondolea mwanawe kubahatisha.

Napendekeza, basi, tuseme wasia wa matibabu, na atakayeusimamia tumwite msemaji wa mgonjwa. Mashahidi wawe wale wale: wawili wa ukoo, wawili watu baki. Sheria bado itahitaji kulifikia jambo hili, lakini familia haina haja ya kuisubiri ndipo izungumze.

Mimi nimevuka sitini. Wanangu nimekwisha waambia, jirani wawili wakisikia.